Libanga kwa Ampli

Katika muziki wetu wa Kongo, mwenye mfuko mzito hutajwa jina katikati ya wimbo. Hilo tunaliita kurusha libanga, yaani jiwe. Wanasiasa wamerushiwa, wafanyabiashara wa almasi wamerushiwa, hata wenye baa wasiojua gitaa lina nyuzi ngapi. Leo narusha langu, bure kabisa, kwa ampli ya kiwandani, yaani kikuza sauti, iliyolala chini ya kiti cha gari langu. Haijanilipa kitu. Kwa wiki tatu haikunipa hata sauti.

Mtu wa heshima husifiwa kuanzia nasaba. Ampli yangu ilizaliwa Japani, ikavuka bahari hadi Mombasa, ikapita Uganda, ikaingia Kongo na kutikiswa kwenye barabara ya RN4, Mambasa, Nia-Nia, Bafwasende, mpaka Kisangani. Taa moja ya gari ilipasuka njiani na bampa ikafika imefungwa kamba. Ampli haikupata mkwaruzo. Ilikuwa chini ya kiti, imejifunika zulia, haina haja na macho ya watu. Aliyejitokeza mbele ni redio ya dashibodi, naye ndiye aliyeaibika: redio za Kijapani za zamani husoma FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, hadi 108. Radio Okapi ilizungumza na nchi nzima isipokuwa mimi.

Nikanunua redio mpya ya Kichina, yenye kioo cha kugusa kama simu. Fundi kijana wa Makiso aliifunga kwa saa moja. Picha zikawaka, rangi zikacheza, ramani ikaonyesha hadi Lubunga ng'ambo ya mto. Sauti hakuna.

“Papa,” akasema, “ampli imekufa. Tuitoe.”

Haikufa. Ilikuwa inangoja kubishiwa hodi. Redio ya zamani, kila ilipowashwa, ilipeleka volti 12 kwa waya mmoja mwembamba kuiamsha. Mafundi huuita waya wa rimoti. Redio mpya nayo inao, mara nyingi wa buluu wenye mstari mweupe, lakini kijana aliuviringa utepe na kuuficha kwa sababu hakuona waya mwenzake upande wa gari. Basi mgeni kaingia nyumba ya watu bila hodi, kaketi sebuleni, kaanza kuimba, halafu tunamlaumu mwenyeji kwamba haitikii! Nasi watu wa Kisangani, tuliozoea kungoja umeme wa mto Tshopo urudi, ndio tungepaswa kuelewa mapema kuliko wote kwamba kisichowaka si lazima kimekufa.

Wako wanaosema itupwe, spika ziungwe na redio moja kwa moja. Nami nilikuwa katika kundi hilo kwa alasiri moja. Spika za mifumo kama hii huweza kuwa za omu 2 au chini yake, na redio za dukani kwa kawaida zimetengenezwa kwa omu 4. Redio yangu ilipata moto kama sufuria ya pondu, ikazima yenyewe. Mzigo uliokuwa ukibebwa kimya kimya chini ya kiti, miaka yote, ulimshinda kijana wa kioo katika nyimbo mbili. Hapo nikaelewa kwa nini wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Ampli pia ni mwalimu, na ada yake ni magoti. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: fundi wa pili, mzee wa Mangobo, aliinama na testa yake, akapima waya baada ya waya, nami nikainama kando kumshikia tochi. Alifanya kazi kama wavuvi wetu Wagenia kwenye maporomoko, ambao hawashindani na maji bali huyasoma, kisha hutega vikapu vyao yanapopita. Kwake mkondo ulikuwa mkondo tu, uwe wa mto au wa waya.

Alinifundisha kwamba redio mpya ina midomo miwili. Mmoja hunong'ona kwa volti 2 au 4, kupitia zile plagi za duara. Mwingine hupiga kelele za kusukuma spika. Kuna ampli za kiwandani zinazopenda mnong'ono na kuna zinazokubali kelele. Ukiipigia kelele ile ya mnong'ono, inakwaruza. Ukiinong'oneza ile ya kelele, unasikia upepo na mwimbaji yuko mbali kama yuko Ubundu. Alinionya kwamba kwenye mdomo wa kelele waya zote mbili za kila spika zina moto, na mmoja ukigusa masi, yaani bodi la gari, redio inaweza kuungua palepale. Na akasema nimshukuru Mungu gari langu si jipya, kwa kuwa kwenye magari mengine ya siku hizi redio na ampli huzungumza kwa tarakimu, na hapo waya hausaidii bila kisanduku cha kutafsiri.

Akaunga waya wa rimoti. Chini ya kiti kukasikika “tup” ndogo, kama mzee anayekohoa kabla ya kusema karibu. Kisha rumba ikajaa gari.

Ikaja na zawadi juu yake: mluzi. Masi ilikuwa imeshikwa sehemu mbili zisizolingana, na sauti ya alteneta ikapenya kwenye spika. Nikikanyaga mafuta, unapanda, nikiachia, unashuka. Magari ya wengine yana mshale wa kuonyesha mizunguko ya injini. Langu linaiimba.

Sifa ya mwisho nimeichangia mwenyewe. Waya wa rimoti ulichomoka, nami, mwanafunzi mwenye majivuno, nikauunga kwenye waya ulio na moto usiku na mchana. Tangu hapo ampli haikulala. Ilikesha kama mlinzi mwaminifu, gari limezimwa, redio imezimwa, ikinywa betri tone kwa tone hadi alfajiri.

Asubuhi ufunguo ulitoa mlio mmoja tu: “tiki”. Majirani wakatoka mmoja mmoja, wenye nguo za kazi na wenye mswaki mdomoni, wakashika nyuma ya gari. Na ili wasukume kwa pamoja, wakawa wanaliita jina langu, tena na tena, mtaa mzima ukisikia.

Wenye pesa huligharamia hilo kwa dola. Mimi nilirushiwa libanga langu bure.