Jinsi ya Kuosha Pipa la Pombe Bila Kuliudhi

Ukiingia kilabu cha pombe ya kienyeji kati ya Mhunze na Maganzo, wilayani Kishapu, utaambiwa kwamba pipa halioshwi sana, maana pombe itasusa. Usibishe. Wapika pombe ya mtama walilijua hili kabla ya maabara: hamira ya asili hujificha kwenye vitundu vya mtungi na kibuyu, ndiyo inayoamsha togwa. Ila mtungi ulikuwa wa udongo, na pipa lako ni plastiki ya bluu. Plastiki haina vitundu. Ina mikwaruzo, na humo hamira huishi na wapangaji wengine wasiolipa kodi.

Anza basi na wasifu wa pipa. Kishapu ni wilaya ya pamba na almasi, na ukivuka kwenda magharibi unaingia dhahabu ya Geita. Huku kote pipa halizaliwi tupu. Likiwa lilibeba mafuta ya kula, karibu nyumbani. Likiwa la dizeli, wateja watakunywa huku wakiuliza trekta liko wapi. Likiwa na fuvu na mifupa ubavuni, usidhani ni picha ya mteja wa zamani. Sayanaidi ya kuchenjulia dhahabu hufungashwa kwenye mapipa yenye alama hiyo, na uchachu wa pombe ukikutana na masalia yake hutoa gesi inayoua. Pipa hilo halina sabuni. Muuzaji ataapa kwamba ameliosha mara tatu; muulize kama kwake analiwekea maji ya kunywa, kisha mtazame usoni. Dumu la dawa ya pamba lihesabu ukoo huohuo. Ndoo ya bati nayo iache kisimani: uchachu hula zinki yake, na mnywaji huirudisha zinki hiyo ukutani pa kilabu.

Sasa maji. Bomba la Ziwa Victoria kutoka Ihelele lilizinduliwa mwaka 2009, lakini si kila kitongoji kinalisikia likitiririka. Ndiyo maana wengine hutumia mtindo wa suuza moja: maji ya pipa la kwanza yanahamia la pili, kisha la tatu, mpaka yanastahili kuuzwa kwa kopo. Ukiwa na maji ya pipa moja, osha pipa moja, upike pipa moja. Najua, biashara hailipendi shauri hili.

Kusugua ni kwa majivu na kitambaa au brashi laini. Steelwire inang'arisha haraka, na inawajengea wale wapangaji vyumba vipya. Kibuyu, ambacho mkono hauingii, kitie kokoto na maji ya moto, kitikise mpaka bega lilalamike, kisha kianike juani mdomo chini.

Jiki hupendwa kwa kuwa inanuka usafi. Ukiimwaga juu ya machicha yaliyokauka, klorini itamaliza nguvu kwa kupigana na machicha huku vijidudu wakitazama mechi. Sugua kwanza. Kisha weka kama nusu kikombe cha chai katika ndoo ya lita 20, iache dakika 10, suuza kwa maji yaliyochemshwa. Usiimimine kwenye pombe iliyogeuka siki. Moshi wake utakutoa nje kabla ya mgambo. Na kama chujio lako ni kiroba cha mbolea, heri ununue kitambaa.

Yote hayo hayakuponyi na unga mbovu. Januari 2015, huko Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu 75 walikufa kwa pombe waliyokunywa msibani. Aliyekamatwa kwanza ni nyongo ya mamba, mshitakiwa wetu wa kudumu. Maabara ikamwachia: sumu ilikuwa asidi ya bongkreki, kazi ya bakteria aitwaye Burkholderia gladioli, na lawama ikaangukia unga wa mahindi ulioloa mafuriko. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemshwa. Mpikaji mwenyewe alikufa, kwa hiyo desturi ya mwenye pombe kuonja kwanza mbele ya wageni huwatuliza wageni, basi.

Unga ukiloa, mwaga. Ukisita, fungua daftari la madeni usome majina: wadaiwa wako ndio watakaokunywa kesho, na msibani hakuna anayelipa deni la pombe.