Nyani Haoni Kundule, Wala Pindo la Nyuma

Ushonaji wa nguo una sifa moja ya uongo: kwamba ni kazi ya mtu mtulivu aliyejifungia chumbani, yeye na cherehani yake. Aliyeianzisha sifa hiyo hakuwahi kujipimia pindo la gauni akiwa amelivaa. Ukisimama wima, pindo hulioni. Ukiinama ulione, mbele linashuka na nyuma linapanda, nawe unatia pini kwa bidii mahali ambapo pindo halitakuwapo ukinyooka. Ukishanyooka, mbele gauni limekomea kwenye ugoko, nyuma linafagia uwanja. Kujipima mgongo ni balaa zaidi. Mkono ukiinuka kupeleka futi kamba begani, bega nalo limeinuka, na kipimo unachoandika ni cha mtu mwingine kabisa, pengine anayekimbizwa na nyuki. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Sitashangaa nikiambiwa walikuwa wamekaa barazani kwa fundi. Hoja yangu ni hiyo tu: mwili wenyewe umekataa kushonewa na mwenye mwili peke yake, na raha ya kushona huanza pale mtu anapokubali kuazima macho ya wenzake.

Hata cherehani inaunga mkono hoja hii. Isaac Singer alipata hataza ya mashine yake Marekani mwaka 1851, na mpaka leo mshono wa cherehani ya kawaida ni wa nyuzi mbili, mmoja wa juu kwenye sindano, mmoja wa chini kwenye bobini, zinazonasana katikati ya kitambaa. Uzi wa juu ukilegea, vurugu hujitokeza chini: juu mshono umenyooka kama barabara mpya, chini ni kiota cha ndege. Anayeshona anaona juu tu, tena anajipongeza, anayepita na ndoo yake ndiye anayeuliza, “Shoga, hayo manywele ni ya nini?” Kanga nayo ina mtego wake, kwa kuwa ni nguo inayosema. Chukua yenye jina “Sina siri, nina jibu”. Mshonaji anatazama mji, anatazama pindo, anahesabu maua, kisha anakunja rinda moja zuri kiunoni. Rinda limemeza maneno mawili ya katikati, na mwenye gauni anakwenda shughulini akitangaza “Sina jibu”. Aliyeshona alikuwa na maua akilini. Jirani asiyejua hata kutunga uzi ndiye angesoma, maana hana kingine cha kufanya.

Atatokea wa kunikumbusha kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mmoja anataka mikono ya puto, mwingine anataka mgongo wazi, wa tatu anasema rangi haimfai mwenyewe. Ni kweli, na ndiyo maana baraza lenye akili lina sheria moja: maneno yote yaishe kabla ya mkasi. Chaki hupanguswa, pini hung'olewa, mshono hufumuliwa, kilichokatwa hakirudi. Macho yawe mengi, mkasi ushikwe na mmoja. Na umbea je? Siutetei, ila nauelewa. Kushona pindo kwa mkono kunashika vidole na kuuacha ulimi bila kazi, na ulimi usio na kazi haukosi pa kwenda.

Mwingine atasema kuna kioo, na kuna mitumba. Kioo hukuonyesha mgongo kwa sharti la kupinda shingo, na ukipinda shingo gauni linajipinda nawe; tena kioo hakishiki pini. Suruali ya mtumba, iliyokatwa kwa kiuno cha mtu wa ng'ambo, mara nyingi safari yake huishia pale pale barazani, ipunguzwe. Lakini faida ya wingi haionekani popote kama kwenye sare za harusi. Shangazi, wifi na majirani wamenunua kitenge kimoja. Mmoja amejikatia kiuno alichokuwa nacho miaka kumi iliyopita, na dukani kitambaa kimekwisha. Angekuwa ameshona peke yake chumbani, angelia. Kwa kuwa ameshona na wenzake, mabaki ya maua yale yale yako mfukoni kwa shangazi mwembamba. Kinatolewa kipande, kinatiwa ubavuni, na hakuna atakayejua, isipokuwa wote waliokuwapo.

Mwisho wa yote, gauni likifika shughulini, nyuma yake itatazamwa na kila mtu ila mwenyewe. Kama kutazama ni lazima watazame, basi waanze mapema, pini zingali mdomoni mwa fundi.