Wiki ya Mvua Hotelini, Ukunda

Jumatatu. Mvua imenyesha usiku kucha. Paa limevuja juu ya kabati la karatasi na mkataba wa mhudumu umelowa hadi sahihi. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka maandishi kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi, na mzozo ukifika mahakamani mwajiri ndiye anayetakiwa kuutoa mkataba. Nimeuanika juu ya friji. Wateja ni wanabodaboda tu. Diani watalii wameadimika.

Jumanne. Tarehe 9, mwisho wa kuwasilisha kodi ya mishahara na makato ya bima ya afya, SHIF. Umeme ukapotea saa tatu asubuhi. Nikakimbilia saiba yenye jenereta, nikakuta foleni ya wenye maduka wenzangu. SHIF ni asilimia 2.75 ya mshahara. Ada ya nyumba ni 1.5 kutoka kwa mfanyakazi na 1.5 kutoka kwangu. Kulipa sikatai. Mpishi akilazwa Msambweni, nataka jina lake liwe hai kwenye mfumo. Lakini hoteli kubwa za ufuoni zina idara nzima ya kazi hii, nami mwenye meza sita nimepewa tarehe ile ile. Wadogo wastahili muda zaidi, na nitalisema hilo popote nitakapoulizwa.

Jumatano. Nimemwita kijana wa vyombo nimwandikie mkataba. Kibarua akifanya kazi mfululizo mwezi mzima, sheria, kifungu cha 37, humhesabu kuwa mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi. Amekataa kutia sahihi. "Shangazi, mwisho wa mwezi ni mbali. Mama anangoja unga leo jioni." Nimemweleza habari ya likizo na notisi. Amesikiliza kwa adabu, akarudi kwenye sufuria zake. Hoja yake ni nzito, na kifungu cha 37 hakina jibu la unga wa jioni. Tumeafikiana awe akichukua sehemu ya mshahara kila Jumamosi, nami niandike kila shilingi.

Alhamisi. Hesabu ya mauzo ya jana imepungua. Jirani mwenye duka la simu kanishauri: "Mfukuze huyo mhudumu, wa nini?" Sikukubali. Kifungu cha 41 kinataka mtu aelezwe kosa kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake aliyemchagua mwenyewe, kisha asikilizwe. Ukikiruka, mahakama yaweza kukutoza hadi mishahara ya miezi 12, na hoteli yangu haina pesa hizo. Hata ningekuwa nazo, mtu hafukuzwi kwa kudhaniwa. Tumekaa nyuma ya jiko, tukaongea Kidigo. Mhudumu kamchagua mpishi. Kisha kafungua simu, akatuonyesha: mteja alilipa kwa M-Pesa, kisha akayarudisha malipo akishaondoka. Mhudumu hana hatia, na nimemwandikia hivyo. Wakati huo mbaazi zikaungua. Mchana tumeuza wali na samaki wa kukaanga.

Ijumaa. Nimepanda matatu hadi Kwale kumuuliza afisa wa leba juu ya malipo ya Jumamosi. Yuko nje kikazi. Mvua tena.

Jumamosi. Kijana wa vyombo amepokea sehemu yake, ametia sahihi. Mpishi ameomba likizo. Ana haki ya siku 21 za kazi kwa mwaka, na anataka kuanza Jumatatu. Nimekubali. Jioni nimezunguka Ukunda nikitafuta ajuaye kupika mbaazi.