Naombeni Kitabu Kizuri

Baba Nuru haamui jambo bila kuuliza grupu. Fundi wa friji, dawa ya kiungulia, basi la Tanga lisilopiga muziki usiku kucha: kila kitu lazima kwanza kipite kwa watu wote waliomo kwenye simu yake. Mimi nimeshazoea. Kwa hiyo umeme ulipoanza kukatika kila jioni hapa Tabata, Nuru akiwa likizo na mama mkwe akiwa amekuja kutoka Tanga kutibiwa macho, nilijua kuna ujumbe unaandikwa. Tulikuwa tumekaa wanne gizani, hatuna la kuangalia ila nyuso zetu, na uso mmoja ulikuwa unang'aa kwa mwanga wa simu.

Aliandika hivi: "Habari zenu wapendwa. Naombeni mnipendekezee kitabu kizuri na podkasti nzuri. Asanteni." Akaupeleka grupu la ukoo, la mtaa, la waliosoma naye sekondari, la wazazi wa darasa la Nuru, na la wenye magari ya IST, ambako yumo ingawa IST yetu iko juu ya mawe tangu masika. Hakusema kitabu ni cha nani. Hakusema umri wala lugha, wala kama msomaji anataka kucheka au kulala. Ni kama mtu aingie duka la dawa aseme anaomba dawa nzuri.

Majibu yakaja kama aliyeuliza alikuwa anapigisha kura. Wenye IST walimpa podkasti ya kijana anayeeleza mafuta ya giaboksi kwa saa nzima, na Baba Nuru aliisikiliza yote. Wa sekondari walimletea vitabu vya utajiri. Watatu kati yao walimpa Rich Dad Poor Dad cha Robert Kiyosaki, na wote watatu tunawadai. Mmoja akaandika "Gurnah" basi, neno moja. Alipoulizwa kipi, akajibu "vyote". Tangu Abdulrazak Gurnah apate Nobeli mwaka 2021, nimekutana na watu wengi wa namna hii. Wanamjua kwa tuzo. Ukiwauliza kama wameonja Peponi, ile Paradise aliyoitafsiri Ida Hadjivayanis ikatoka mwaka 2022, wanakuambia wanasubiri nafasi.

Grupu la mtaa nalo likaja na softikopi. Jirani alimwaga faili la vitabu hata majina yake huwezi kuyapitia kwa siku moja, simu ya Baba Nuru ikagoma kupokea picha, na kwa muda hatukujua shangazi yake amepata wajukuu pacha. Mimi softikopi hizo nilizifuta bila kuomba ruhusa. Nilikuta humo riwaya ambazo wenyewe wangali hai na wanalipa kodi ya nyumba. Mwandishi hali softikopi.

Lakini moto wenyewe uliwaka kwenye ukoo.

Wa kwanza kujibu alikuwa Mjomba, kaka yake mama mkwe, mtu asiyeandika. Yeye hurekodi. Alituma sauti ya dakika kumi na moja kusifia Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kile cha mwaka 1960. Tukaiweka katikati ya meza, tukaisikiliza gizani. Alianza vizuri: Bwana Msa na kiko chake, rafiki yake Najum, maiti iliyokutwa pale mzimuni. Akanogewa. Kufikia dakika ya nane alikuwa anaigiza sauti za watu, na dakika ya tisa akamtaja muuaji kwa jina na ubini. Nuru alikuwa amekiazima kitabu hichohicho kwa rafiki yake, yuko katikati. Alinyanyuka bila neno, akakitupa kwenye tenga la nguo chafu, akaingia kulala. Mjomba akamalizia: "Sikwambieni zaidi, msije mkakosa uhondo."

Shemeji zangu wawili wakadakia. Mmoja ni wa Willy Gamba, yule mpelelezi wa Elvis Musiba. Mwingine ni wa Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Walizisoma riwaya hizo ujanani kwa kuibiana chini ya godoro moja, na inaonekana mambo hayakuisha pale. Saa tatu usiku wanabishana nani hodari wa bastola. Saa nne mmoja anamkumbusha mwenzake nakala ya Kikosi cha Kisasi iliyorudi haina jalada. Kabla ya usiku wa manane walikuwa Pangani, kwenye shamba la minazi la marehemu babu, wakiulizana nani alichukua fedha za madafu. Baba Nuru akaandika, "Jamani, mimi niliomba kitabu tu." Hakuna aliyemjibu.

Asubuhi wifi yangu akaingia na Rosa Mistika. Kwa ajili ya Nuru, akasema, msichana anayekua. Shangazi mkubwa akauliza kwa herufi kubwa kama wifi ana akili timamu. Sasa mimi nitasema langu: wifi alikuwa na hoja. Kezilahabi alipokitoa kitabu kile mwaka 1971 kilizua zogo hadi kikapigwa marufuku mashuleni kwa muda, na zogo lilitokana na kuonyesha kinachompata binti aliyelelewa kwa kipigo na ukali, akaachiwa dunia ghafla. Mtoto wa miaka kumi na mitatu asikisome peke yake, sawa. Mama yake akisome. Lakini ukweli huo ningeusemea wapi? Shangazi alikuwa ameshatoka. "Ameondoka kwenye kundi," simu ikatangaza kwa sauti ya kiofisa. Kumrudisha iligharimu kikao, pilau yangu, na mbuzi ambaye hakuwa na habari kabisa na fasihi.

Katika pilikapilika hizo ndipo niliposahau kuwa Baba Nuru aliomba na podkasti.

Mtoto wa dada yangu anaishi mtaa wa pili, chumba kimoja ukutani kwa fundi wa kuchomelea mageti. Ana podkasti yake ya mapenzi na maisha, ingawa la kwanza hana na la pili ndiyo kwanza ameanza. Aliliona ombi kwenye grupu la mtaa, akajibu, "Sikiliza yangu, baba mdogo." Baba Nuru, kwa adabu na bila kusikiliza hata dakika moja, akaandika: "Kali sana mwanangu. Ukihitaji chochote usisite."

Hakusita. Alichohitaji ni kabati letu.

Ana haki yake kitaalamu. Sauti ikigonga ukuta mtupu inarudi, na kinachorudi ndicho kinachofanya podkasti isikike kama imerekodiwa kisimani. Nguo humeza mwangwi. Wanaoanza bila studio wengi hujifungia mahali penye nguo, na kabati langu lina kanga za miaka ya ndoa yote pamoja na mashuka ya wageni. Baba Nuru alimruhusu kwa ujumbe, akiwa kazini, na hakumwambia mtu. Mimi nilikuwa sokoni. Nuru alikuwa kwa rafiki yake. Kijana akaingia na simu na kipaza sauti kidogo, akajifunika kanga yangu kichwani, akafunga mlango wa kabati kwa ndani akiushikilia na kidole.

Mama mkwe akarudi kutoka hospitali. Walimtia matone ya kupanua mboni, yale yanayomfanya mtu aone kila kitu ukungu kwa saa kadhaa. Akapapasa hadi chumbani kwangu kutafuta kanga ya kubadili, akavuta mlango wa kabati. Mlango ukavutwa kurudi ndani. Akavuta tena. Ukafunguka, na kutoka gizani, katikati ya mashuka, kitu chenye kichwa cha kanga kikasema kwa sauti nzito ya mahaba: "Karibu tena mpenzi msikilizaji. Nilikuwa nakusubiri."

Wanasema ukelele ule ulifika kwa fundi wa kuchomelea, akazima mashine. Jirani wa kushoto alikuja na mchi, wa kulia na fagio la chelewa, na dereva wa bodaboda aliyekuwa anapita alikuja na abiria wake. Neno "mwizi" lilishatajwa, na ukiwa Dar unajua hilo si neno la mzaha. Kilichomwokoa mtoto wa watu ni mke wa mwenyekiti wa mtaa, ambaye ndiye pekee kumbe huisikiliza podkasti ile. Aliitambua sauti. "Mwacheni huyo!" akasema. "Huyo ndiye wa 'Kiukweli Mapenzi'!"

Mimi nilipata habari nikiwa kwenye nyanya. Nilifungua simu, nikaona kwenye grupu la mtaa video ya chumba changu cha kulala, kabati wazi, nguo zangu za ndani juu ya bega la mtoto wa dada yangu. Chini yake mtu ameuliza kama kabati ni mninga.

Nilipofika nyumbani nilitarajia mama mkwe amelala kwa shinikizo la damu. Nilimkuta kwenye kochi, anakunywa chai ya mkandaa, kijana amepiga magoti mbele yake.

"Bibi, nisamehe. Ilikuwa podkasti."

"Ndiyo nini?"

"Kama kipindi cha redio, bibi. Ila unakisikiliza saa unayotaka."

Hilo lilimgusa. Mama mkwe ni mtoto wa Radio Tanzania. Alicheka na Pwagu na Pwaguzi hadi akaunguza vitumbua, na Twende na Wakati ilipoanza mwaka 1993 alimchukia Mkwaju, yule dereva wa lori mpenda wanawake, kama jamaa aliyemwoa binti yake. Jioni za kipindi kile, anasema, mtaa mzima ulikuwa kimya, na kesho yake kisimani hakuna aliyepaswa kuulizwa unapendekeza nini, kwa kuwa wote mlisikia kilekile. Akaomba asikilizishwe. Alisikiliza kipindi kizima amefumba macho yake yenye ukungu, kisha akatoa hukumu: "Sauti unayo. Lakini umesema 'kiukweli' hata nimeacha kuhesabu, na hakuna kitu kilichotokea. Mkwaju alikuwa anatenda."

Wiki iliyofuata aliuliza kipindi kilichorekodiwa kabatini kimetoka lini. Kijana akamwambia kimetoka, bibi, na ukelele nimeuondoa kwa heshima yako. Mama mkwe hakumsemesha siku mbili. Kwa maoni yake kilikuwa kipindi cha kwanza ambamo kitu kimetokea, na kimekatwa.

Nisije nikaonekana nawasema wote. Lilikuwepo jibu moja tofauti. Lilitoka kwa mzazi mwenzetu, mwalimu, naye hakujibu grupuni. Alimwandikia Baba Nuru pembeni, na hakumpa jina la kitabu. Aliuliza: Ni cha nani? Anafanya kazi gani? Cha mwisho alichokiacha njiani ni kipi, na alichokea wapi? Baba Nuru alikasirika kwa kujibiwa swali kwa maswali. Simu nikaichukua mimi. Nikamwandikia kwamba mtoto anapenda safari na hapendi kufundishwa adabu, bibi anasubiri miwani, na huyu baba ni karani wa mizigo bandarini ambaye kila kitabu humlaza ukurasa wa tatu, hasa kikianza na mawingu.

Kwa Nuru alileta Siku Njema ya Ken Walibora, ya kijana anayetoka Tanga kumtafuta baba yake Kenya, na tangu hapo bibi yake hana raha, anahojiwa kila kichochoro cha Tanga kilivyokuwa zamani. Kwa Baba Nuru alileta nakala yake mwenyewe ya Kuli ya Adam Shafi, chapa ya mwaka 1979 ya Tanzania Publishing House, jina lake limeandikwa ndani kwa wino wa buluu. Ni riwaya ya wapagazi wa bandari ya Unguja na ule mgomo wao wa mwaka 1948.

Hakulala. Mtu anayebeba mizigo kwa kalamu mchana kutwa alikutana na wanaoibeba kwa mgongo, na usiku alikuwa ananisomea kwa tochi ya simu, ananisimamisha: "Unaona? Unaona hapa?" Maharage yaliungua zamu yake, akasema Rashidi wa kitabuni yuko kwenye hali mbaya. Kazini alianza kuwauliza vijana wa kupakua wanalipwaje wakiumia, jambo ambalo mkuu wake hakulipenda.

Kisha miwani ya mama mkwe ikawa tayari, na siku yake ya kuondoka ikafika. Tukampeleka stendi ya Magufuli alfajiri, tukarudi, Baba Nuru akaketi na chai yake, akanyoosha mkono kwenye kiti anapokiweka kitabu.

Mama mkwe alipokea simu akiwa Chalinze. Ndiyo, anacho. Alitaka kuijaribu miwani. Hapana, hakirudishi kwa kondakta, kitapotea, na yeye mwenyewe kimemnogea. Atakileta akija kurudia vipimo, baada ya mfungo. Mume wangu alibakiwa na kurasa zisizofika arobaini, mgomo umechacha, na mwalimu anauliza lini atapata kitabu chake.

Nilimwona ameinamia simu. Nikajua anachoandika, nikaruka kutoka jikoni na mwiko mkononi, lakini vidole vyake vina mazoezi. Grupu la ukoo, saa moja na robo asubuhi: "Habari zenu wapendwa. Hivi Kuli inaishaje?"

Juu ya kioo, mbele ya macho yetu, yakatokea maneno kwamba Mjomba anarekodi sauti.