Basi la Hija na Kanuni ya Mzee Benedikto

Ndugu zangu wa nyumbani,

Huku Ujerumani jua likianza kuwaka, Waswahili Wakristo hushikwa na homa ya hija. Basi hukodiwa, mhazini huteuliwa, pilau hufungwa kwenye mabakuli, na msafara hutoka kwenda kuzuru monasteri, za kale na za leo. Homa hiyo haiji bila wapinzani. Hija gani hii, wanauliza, yenye spika na sambusa? Anayemtafuta Mungu kwa dhati si huenda peke yake, kimya, kwa miguu? Hoja yao ina sura ya utakatifu, kwa hiyo si vyema kuicheka kabla ya kuijibu. Mimi nashikilia kwamba basi lenye kelele liko karibu na maisha ya kimonaki kuliko msafiri mpweke mwenye begi mgongoni, na shahidi wangu si mtu mdogo. Ni Mtakatifu Benedikto wa Nursia, ambaye Kanuni yake ya karne ya 6 ndiyo inayofuatwa hadi leo na Wabenediktini na Wasistersiani, wenye nyingi ya monasteri tunazozizuru huku.

Sura ya kwanza tu ya Kanuni hiyo inamtia mashakani yule mpweke. Benedikto anataja aina nne za wamonaki, wa kwanza wakiwa wale wa jumuiya. Wakaapweke anawaheshimu, lakini kwa sharti kwamba kwanza wamepikwa miaka mingi katika jumuiya. Wanaokaa wawili wawili au watatu watatu bila mchungaji, sheria yao ikiwa ni kile wanachokipenda, hao anawakemea. Wa mwisho na wabaya kuliko wote ni wazururaji: wanaohama monasteri hadi monasteri, siku tatu hapa, nne kule, wakila vya watu. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Benedikto hajafika hata kwenye jembe, amekwisha kuwafukuza kwa maneno. Sasa mpime yule msafiri wetu wa kiroho, mwenye kuondoka anapochoka na kukaa anapopendezwa, asiye na wa kumwambia "shuka" wala "panda". Yuko kundi gani kati ya hayo manne? Abiria wa basi, kwa upande wake, ameketi saa nne karibu na mtu asiyemchagua, anayetaka dirisha lifunguliwe wakati yeye anaona baridi, na wote wawili wako chini ya amri ya mwenyekiti ambaye hakuna aliyempigia kura kwa furaha. Huo ndio utawa wa jumuiya, kasoro kanzu nyeusi.

Someni Kanuni mkiwa na picha ya basi kichwani, mtaona mzee alivyotujua. Dhambi anayoirudia kuikemea, sura hii na ile, ni manung'uniko. Hata pale divai inapokosekana anaagiza watu wamshukuru Mungu na wasinung'unike, na mwenye kuwahi kusikia minong'ono ya basi zima pale soda zinapoisha ataelewa kwa nini alilazimika kuliandika. Sura ya 31 inamhusu mtunza ghala, na inafaa kubandikwa kwenye kiti cha kila mhazini: akiombwa asichonacho, atoe walau neno jema. Mhazini anayedaiwa arudishe nusu ya nauli kwa sababu mtu hakuipenda hoteli, amekwisha kuonja majukumu ya kale ya utawa kuliko msomi yeyote wa historia. Na kuhusu saa, hapo nawaomba msitucheke. Sura ya 43 inataka anayechelewa sala asimame wa mwisho, mahali atakapoonekana na wote, aone aibu. Lakini sura hiyohiyo inaagiza zaburi ya mwanzo wa sala ya usiku iimbwe polepole, makusudi, ili waliochelewa wapate kuwahi. Mtunga sheria wa utawa wa Magharibi alitunga sheria ya kuchelewa na nafasi ya kuchelewa katika aya moja. Mratibu yeyote wa Kiswahili, anayeandika "tunaondoka saa 12 kamili" akijua moyoni kuwa ni saa 1, anafuata nyayo zake.

Mpinzani makini hatashindwa hapo. Atasema: sawa, basi linafanana na monasteri, lakini mkishafika mnakuwa watalii tu. Hapa ana nusu ya haki, na nusu hiyo inategemea mmefika wapi. Chukueni Maulbronn, monasteri ya Wasistersiani iliyoanzishwa mwaka 1147, leo ikiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1993. Mawe yake yamekaa sawasawa, ukumbi wa chakula wa wamonaki na ule wa mabradha wa kazi za mikono bado zimetengana, ushahidi kwamba hata watawa walijua meza kuu na meza ya nyuma. Wamonaki wenyewe hawapo. Tangu 1556 mahali hapo pana shule ya Kiprotestanti, ambamo alisoma Johannes Kepler, mtaalamu wa nyota, na ambayo kijana Hermann Hesse aliitoroka mwaka 1892 kabla ya kuwa mwandishi mkubwa. Walutheri wa msafara hutembea hapo vifua mbele. Lakini katika jengo la namna hiyo mgeni ndiye mfalme: amekata tiketi, anapiga picha, hakuna anayemkatiza. Kweli huo ni utalii, na hakuna ubaya wowote, mradi asidai kiti cha peponi kwa ajili ya tiketi ile.

Monasteri iliyo hai haimpi mgeni ufalme huo. Kengele ikilia, anayekuelekeza huacha sentensi nusu na kwenda zake kwenye masifu. Watu wetu wengi huudhika zaidi na ukimya. Mmonaki anapita kwenye korido, anainamisha kichwa, anatabasamu, basi. Hakuulizi habari za nyumbani wala za safari. Kwetu hayo ni maringo yasiyosameheka. Kumbe sura ya 53 ndiyo inayomwagiza: mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe, ila ndugu asiyepewa kazi ya wageni asalimu kwa unyenyekevu na apite, asianze maongezi. Sura hiyohiyo inataka wageni wawe na jiko lao, kwa kuwa hufika saa zisizojulikana na hawakosekani kamwe. Miaka elfu na mia tano kabla ya foleni za barabara kuu za Bavaria, mtu alikwisha kutupangia jiko. Hapo ndipo kundi linapimwa: je, watu hawa wanaweza kukaa kimya dakika ishirini pamoja? Mpweke hapimwi, maana ukimya wake hauna wa kuuvunja.

Halafu kuna monasteri ya Andechs, na najua mtauliza tu, kwa hiyo niseme. Ndiyo, ni mlima mtakatifu wa hija wenye masalia ya watakatifu. Ndiyo, wamonaki wanamiliki kiwanda cha bia. Na ndiyo, foleni ya bia kwa kawaida inaishinda ya kitubio. Ndugu zetu wa makanisa ya kiroho hutaka basi lisisimame hapo. Benedikto alikwisha kulizungumzia jambo hilo: anasema divai si kinywaji cha wamonaki, lakini kwa kuwa wamonaki wa zama zake hawashawishiki, basi wanywe kidogo, wasishibe. Tena kwake mmonaki wa kweli ni yule anayeishi kwa kazi ya mikono yake. Nyumba isiyotembeza bakuli la sadaka kwa sababu inauza bia yake haistahili kusutwa na wageni waliokuja kuinywa.

Hoja iliyobaki ndiyo nzito, nayo hutoka kwenu: ya nini kutumia euro kuzuru monasteri ya St. Ottilien huku Bavaria, wakati ya Peramiho ipo huko kwetu Tanzania? Wamonaki wa shirika lililoanzishwa na Andreas Amrhein mwaka 1884, ambalo kuanzia 1887 makao yake yako St. Ottilien, walifika Pugu 1888, wakajenga Peramiho 1898 na Ndanda 1906. Hanga, ya wamonaki wazalendo, ikafuata 1957. Walikuja enzi za ukoloni wa Kijerumani, na makumbusho ya misheni pale St. Ottilien, yenye vitu vya Afrika Mashariki ndani ya makabati ya kioo, hayamwachi mtu wa kwetu alisahau hilo. Ndiyo sababu mojawapo ya kwenda. Aliyekulia karibu na kengele ya Ndanda anastahili kuona ilikotoka, aitazame kwa shukrani na kwa maswali pia. Na kama hoja ni gharama, jibu liko mikononi mwenu: kutoka Songea hadi Peramiho ni mwendo mfupi, Hanga nako si mbali, na mabasi hayajaisha. Tuna wasiwasi kwamba wengi wenu mnaotushutumu hamjawahi kuingia huko ila kupeleka mgonjwa hospitalini.

Ningeandika zaidi, lakini nimefika sura ya 67. Inasema ndugu aliyetoka safari asimsimulie yeyote aliyoyaona na kuyasikia nje, kwani huleta madhara makubwa. Kwa hiyo barua hii msimwonyeshe abate. Wengine isomeni kwa sauti baada ya ibada, na atakayechelewa asimame nyuma.

Wasalaam,
Ndugu yenu wa Bavaria