Bei Njoo Inboksi

Muuza viatu wa Kariakoo ameweka picha Instagram: kiatu kinang'aa, rangi tano, saizi zote, "mzigo mpya umeingia". Kila kitu kipo isipokuwa bei. Ukiuliza, jibu ni lile lile: "Njoo inboksi, mpenzi." Unaingia faragha kama mtu anayeulizia dawa ya aibu, na huko unapokewa kwa swali: "Upo wapi?" Ukisema Masaki, kiatu kinapanda. Ukisema Mbagala, kinashuka kidogo, ila bodaboda ni juu yako.

Kundi la WhatsApp la mtaa nalo (tangu 2022 kundi moja linabeba hadi watu 1,024, Mungu atusaidie) lilianzishwa kwa ajili ya ulinzi shirikishi na takataka. Sasa asubuhi ni vitumbua, mchana viwanja vya Chanika, usiku mchango wa harusi ya mtu usiyemjua hata kwa sura. Admini kapiga marufuku matangazo. Mwenyewe anauza gesi.

Mama wa chapati pale kona hana akaunti wala wafuasi. Ana kibao, na bei imeandikwa kwa chaki. Ndugu zangu wa mtandaoni, andikeni bei.