Wataalamu wa Boneti

Ukitaka kujua Chaka ina mafundi wangapi wa magari, usihesabu gereji. Simamisha gari kando ya barabara ya Nyeri–Nanyuki, inua boneti, kisha kunja uso. Hutamaliza hata kushika kiuno kabla hawajajaa: mwenye bodaboda, muuza mitumba, mzee anayengoja matatu ya Naro Moru, na mwanafunzi ambaye saa hizo anapaswa kuwa darasani. Hakuna aliyeulizwa. Wote wana jibu.

Mimi naendesha Probox, wala sioni haya, maana huku Kieni hakuna kabichi iliyowahi kwenda sokoni kwa miguu yake. Juzi likaanza kumisi. Wenye magari wanaijua adha hiyo. Likisimama linatetemeka mpaka shilingi za chenji zinacheza kwenye dashibodi. Ukikanyaga mafuta linavuta kwa kwikwi. Ukitoka Karatina ukaanza kupanda, lori la saruji linakupita na utingo anakutazama kwa huruma. Taa ya injini nayo ikawaka, kisha ikawa inapepesa.

Wa kwanza kutoa hukumu alikuwa jirani yangu. Hakuinama, hakugusa kitu. Alifumbata mikono nyuma, akasikiliza kidogo, akasema, "Hayo ni mafuta. Umewekewa petroli yenye mafuta ya taa." Jirani huyu amekuwa akitoa hukumu hiyo tangu enzi za kabureta. Nikamkumbusha kwamba mwaka 2018 serikali ilibandika ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, makusudi kabisa kuwaondolea wachanganyaji faida. Akaniuliza tangu lini nikaanza kuiamini serikali.

Mwenye bodaboda naye akasema ni hewa ya mlimani. Hapa tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, injini inakosa pumzi. Ni kweli hewa nyepesi hupunguza nguvu za injini, lakini magari ya siku hizi yana kihisio kinachopima hewa inayoingia, na kompyuta inapunguza mafuta ipasavyo. Isitoshe, hewa ya Mlima Kenya haibagui. Ingekuwa ndiyo tatizo, silinda zote nne zingelalamika, na matatu za Nanyuki zingekuwa zimelala barabarani kuanzia Kiganjo.

Shemeji ndiye aliyenimaliza. Alipiga simu akiwa Nairobi, gari hajaliona, hajalisikia, akaamua injini imekwisha. Akanihakikishia kuna nyingine eksi-Japani pale Kirinyaga Road, na kuna mtu wake atanifanyia bei. Shemeji ana mtu wake kila mahali. Ukilalamika jino, ana mtu wake.

Mama watoto hakutoa maoni ya kiufundi. Aliniuliza tu, kwa upole ule unaouma, "Si treni ya Nanyuki ilifufuliwa 2020? Si inapita hapa Chaka?"

Basi nikampata kijana mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Mashine yenyewe inatosha kiganjani. Anaichomeka chini ya usukani, anasoma simu yake, anataja bei. Nililipia kusomewa herufi moja na tarakimu nne: P0303. Hiyo ya mwisho ndiyo inayotaja silinda, yaani ya tatu. Kama ingekuwa P0300, kompyuta ingekuwa inakiri kwamba kuna mahali hapawaki ila haijui ni wapi. Hadi hapo sina ugomvi na kijana. Ugomvi ulianza alipochomoa mashine na kuniambia, "Mzee, hapo ni kubadilisha koili zote nne, plagi zote nne, na tuoshe nozeli."

Mashine ilitaja silinda. Haikutaja koili, haikutaja plagi, na haikusema lolote kuhusu kuosha nozeli. Inakuonyesha nyumba yenye kelele, haikwambii nani anapiga nani humo ndani. Silinda ya tatu inaweza kugoma kwa sababu haipati cheche, au haipati mafuta, au mgandamizo wake umepungua kwa sababu vali haifungi au ringi zimelika. Dawa za magonjwa hayo hazifanani hata kwa bei. Ya kwanza unatibu mwenyewe asubuhi moja; ya mwisho ndiyo ya mtu wake shemeji.

Nikarudi nyumbani nikaegesha kwenye nyasi. Injini ya Probox yangu ina koili nne, kila silinda na yake, imekaa juu ya plagi na kushikiliwa na bolti moja ya spana ya kumi. Hapa nisimamishe hadithi niseme jambo: spana ya kumi haikai nyumbani kwa mtu. Nunua seti nzima, ifungie kabatini, ficha ufunguo. Siku ukiitaka utakuta ya nane, ya tisa, ya kumi na moja na tundu. Yangu ilipatikana kwa jirani, yule wa mafuta ya taa, ambaye alisema alikuwa ananitunzia.

Dawa ya kumnasa mkosaji ni rahisi mpaka inaudhi. Unazima injini, unachomoa koili ya silinda ya tatu, unaipeleka kwenye ya kwanza, ile iliyo upande wa mikanda, na ya kwanza unaileta kwenye ya tatu. Unafuta ile namba kwa mashine, unaendesha. Namba ikirudi P0301, ujue ugonjwa umehama pamoja na koili, na mgonjwa unaye mkononi. Ikibaki P0303, koili haina kosa. Hamishia uchunguzi kwenye plagi, halafu nozeli, halafu utafute kipimo cha mgandamizo. Hununui kitu kabla ya kujua. Labda ndiyo maana hakuna anayekushauri hivyo.

Lakini kabla sijahamisha chochote, koili ya tatu ikaanza kusema yenyewe. Ilitoka kwa kung'ang'ania, na ule mpira wake mrefu unaoshuka hadi kwenye plagi ulikuwa umelowa. Ulikuwa na mstari mwembamba mweupe ubavuni, njia ambayo cheche ilikuwa inatorokea. Nikamulika shimoni kwa simu. Chini kabisa, plagi ilikuwa imesimama ndani ya maji ya rangi ya chai, na shingo yake imeanza kushika kutu. Mashimo mengine matatu yalikuwa makavu.

Koili inachukua volti 12 za betri na kuzigeuza kuwa zaidi ya 20,000, wakati umeme wa nyumbani kwako ni 240. Volti 20,000 hazina subira. Zikikuta maji kando ya plagi hazijisumbui kuruka mwanya wa plagi. Zinapitia majini hadi kwenye chuma, na petroli ya silinda ile inatoka mbichi. Inakwenda kuwakia kwenye ekzosi, ndani ya ile katalitiki yenye masega, ambayo ikiungua bei yake ni ya kukaa chini kwanza. Ndiyo maana ya taa kupepesa. Ikiwaka tu, una muda. Ikipepesa, ondoa mguu kwenye mafuta.

Sasa, maji yaliingiaje? Hapa Chaka mvua huja kwa msimu, na boneti haivuji. Maji yaliingizwa. Wiki iliyotangulia nilipeleka gari kuoshwa, nikasema bodi na viti, basi. Nikaketi kunywa chai. Kugeuka, boneti iko juu na kijana ameingiza bomba la presha injini ikiwa ingali moto. Nikapiga kelele. Akanijibu kwa tabasamu la mtu mkarimu, "Usijali mzee, injini leo ni bure."

Nilikausha shimo kwa kitambaa na hewa ya pampu ya baiskeli, nikafungua plagi kwa soketi ya 16, nikaweka mpya. Koili nikaihamisha kama nilivyoeleza, kwa sababu sipendi kuhukumu kwa ushahidi wa macho tu. Namba ikarudi: P0301. Nikaenda dukani. Muuzaji akanitolea boksi ambalo jina la kampuni limekosewa herufi, akaapa ni orijino. Nikamwonyesha herufi. Akalirudisha chini ya meza bila kuona haya, akatoa jingine la bei mara mbili. Kwa hiyo alikuwa nayo muda wote.

Gari likatulia. Chenji haichezi tena. Na unadhani wataalamu walitahayari? Jirani alisema mafuta mabaya yamekwisha kwenye tangi. Mwenye bodaboda alisema siku hizo kulikuwa na baridi sana. Shemeji alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema hiyo ni ya muda tu, injini niendelee kuifikiria.

Na ninyi vijana wa kuosha magari, nawasihi. Matope ya Kieni yako kwenye magurudumu, kwenye milango na chini ya bodi, tena ya kutosha kuwaajiri mpaka mstaafu. Elekezeni bomba huko. Injini mkitaka kuisafisha, shikeni kitambaa kikavu na brashi, na mkikosa vyote viwili, shusheni boneti mniitishe hela yenu niende.